Wengine Wasiotajwa Kwingineko

Wifi yangu hawezi kukiacha kitu bila kukipangia mahali pake. Ukiingia jikoni kwao utakuta makopo yote yamebandikwa namba. Moja ni vyakula vikavu, kumi na moja ni vya kusagwa, mia moja na kumi na moja ni unga, na ole wako uurudishe unga kwenye sukari. Siku za mwanzo nilipoolewa na kaka yake niliomba chumvi, nikaambiwa ipo arobaini na mbili. Nilidhani ni namba ya nyumba ya jirani, nikatoka na kijiko mkononi kwenda kuitafuta. Tangu siku hiyo namwita Bi Droo, na kwa kuwa ni wifi yangu, simwombi mtu ruhusa ya kumtania.

Bi Droo ni mfanyakazi wa ofisi ya takwimu, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha lisilofunga ambalo yeye amelikaza kwa boksi lililokunjwa. Kwa miaka mingi nyumbani hakuna aliyejua hasa anafanya nini huko. Baba mkwe akiulizwa na majirani alijibu kwamba binti yake yuko kwenye kompyuta, basi. Kwa jibu hilo majirani wakawa wanamletea simu zilizoanguka majini. Kuna mama mmoja alimletea pasi.

Mimi nimelijua jambo lenyewe kwa sababu ni msusi, na wifi yangu hana msusi mwingine. Nikishamshika kichwa hana pa kukimbilia, hunieleza kila ninachomuuliza. Alinieleza kwamba sensa ilipokwisha, watu wote wa nchi walikuwa wameulizwa kazi zao, na majibu yakawa fujo tupu. Wengine walijibu vizuri kwamba ni mwalimu, dereva, mshonaji. Wengine walisema wanahangaika tu. Wengine walisema ni hizi hizi zetu. Mzee mmoja aliulizwa anafanya kazi gani akamjibu karani wa sensa, "Kwani unaniona nimekaa?" na alikuwa amekaa.

Wenzake wakayageuza majibu yale kuwa namba, na yeye akapewa kazi ya kuzijengea namba hizo mti ndani ya kompyuta. Usidhani mti wa majani. Ni ukoo. Kila kazi ina namba ya tarakimu nne, na mimi msusi ni 5141. Ukikata tarakimu ya mwisho unapata 514, ambayo ni kundi la wasusi na wapambaji, na huyo ndiye mzazi wangu. Ukikata tena unapata 51, watoa huduma kwa watu, huyo ni babu. Ukikata tena inabaki 5 peke yake, mkuu wa ukoo, na chini yake tumejazana sisi wasusi, wapishi, wauzaji wa duka na walinzi. Nilimwambia sioni undugu wangu na mlinzi wa benki. Akasema mti hauniulizi ninavyoona.

Mti huo aliujenga kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Siku alipotutajia jina hilo na kutueleza kuwa maana yake ni chatu, baba mkwe aliacha kula, akauliza kama ofisi imewapa mabuti.

Sasa nimtaje huyo baba mkwe vizuri, maana shauri lote linamhusu yeye. Ni fundi wa taipureta. Sisemi alikuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi alikuwa. Mbele ya nyumba, upande wa barabarani, ana chumba kimoja chenye meza, taa ya kuinama, bisibisi zilizotundikwa kwa urefu kuanzia ndogo hadi kubwa, na makopo ya springi ambayo kila moja limeandikwa. Ndiyo, ukitaka kujua Bi Droo ametoa wapi ugonjwa wake, angalia makopo hayo. Pembeni kuna taipureta kubwa nyeusi imefunikwa kitambaa, haina mwenyewe, na kila asubuhi mzee huifunua, huipangusa na kuifunika tena. Mlangoni kuna kibao: FUNDI WA TAIPURETA. Rangi yake imefifia kiasi kwamba anayeisoma ni yule anayejua tayari kilichoandikwa.

Na mimi, mke wa mwanawe, nasukia barazani kwa nyuma. Mvua ikinyesha kwa mshazari mteja wangu analowa upande mmoja. Upepo ukivuma nywele zinasafiri hadi kwenye kamba ya jirani, zinakaa juu ya mashuka yake, na jirani hana simile. Nadhani umeshaelewa nilikuwa nimekitupia jicho chumba gani. Nilikwisha kukipima kwa macho, kioo kitakaa wapi, sinki litakaa wapi, na ile taipureta itatoka kupitia wapi.

Mume wangu naye alikuwa upande wangu, ila kwa baba yake alikuwa anazungukazunguka. Jumapili moja, tukiwa mezani, akajipa moyo. Akamwambia baba kwamba apumzike sasa, kazi yenyewe imekwisha duniani, na chumba kile kingemfaa mkewe. Mimi nikainamia sahani yangu kama mtu asiyejua linalosemwa.

Baba mkwe hakukasirika. Alitafuna, akameza, akasema, "Mwenye kuandika kazi za watu wote si huyu dada yako? Basi siku orodha yake ikisema kazi yangu haipo, nitautoa ufunguo mwenyewe. Lakini kama nipo, msinisumbue tena."

Wote tukacheka. Mume wangu akasema makubaliano ni makubaliano. Aliyekuwa hacheki ni wifi. Kijiko chake kilisimama hewani, halafu akakishusha polepole, akasema ameshiba. Mtu huyu hashibi mapema. Nikakusanya vyombo nikamfuata jikoni.

Hakuchelewa kunimwagia. Orodha ya kazi ilikuwa imetolewa upya, na kwenye toleo jipya fundi wa taipureta hayumo. Namba yake ya zamani ilifutwa pamoja na kundi lake. Katika majibu ya sensa hakuna majina, lakini mkoa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu aliyejibu hivyo, na wifi hakuhitaji kuambiwa ni nani. Programu yake ilipoifikia namba ile ya zamani, ilikata tarakimu ya mwisho kumtafuta mzazi, mzazi hakuwepo, ikasimama na kutoa maandishi mekundu. Kwa lugha ya kazi yao, namba isiyo na mzazi huitwa yatima.

"Na yatima mnawapeleka wapi?" nikamuuliza.

Akasema mkuu wake wa kitengo hawezi kuona maandishi mekundu, yanampandisha presha. Tarehe ya kuonyesha kazi ilikuwa imekaribia, kwa hiyo alimwamuru aongeze mstari mmoja kwenye programu: namba yoyote isiyopata mzazi, isilete kelele, itupwe kwenye kundi la mwisho kabisa. Kundi hilo linaitwa Wengine Wasiotajwa Kwingineko. Huko ndiko anakoishia kila mtu ambaye nchi haikujua imwite nani, na huko ndiko baba yake alikokuwa.

Nilimpa pole, na pole yenyewe niliitoa kwa moyo mmoja tu, wa pili ulikuwa unatundika kioo. Nikamshauri amwambie mzee ukweli, kwa kuwa ukweli ni jambo zuri. Aliniangalia vile anavyoniangalia nikirudisha unga kwenye sukari. Akaniomba nisiseme kwanza.

Siku ya kuonyesha kazi ikafika. Niliyokuja kuambiwa nimeyapata nikiwa nimemshika kichwa kama kawaida, nami sikuongeza chumvi, au niseme nimeongeza kidogo tu. Mkurugenzi alikuwepo, wakuu wa vitengo walikuwepo, projekta ilikubali mara ya kwanza, jambo ambalo lingepaswa kumtia wasiwasi. Wifi akaiwasha programu. Ikakimbia bila kusita, bila herufi nyekundu hata moja, mkuu wa kitengo akatabasamu hadi magego. Ukutani likatokea duara la kuonyesha watu wa nchi hii wanafanya kazi gani.

Duara zima lilikuwa rangi moja. Waganga, wakulima, mahakimu, madereva, mimi msusi na mlinzi wangu wa benki, sote tulikuwa Wengine Wasiotajwa Kwingineko. Taifa lote halikuwa na kazi inayojulikana.

 Mkurugenzi akaegemea mbele, akauliza wakurugenzi wako wapi. Wifi akaandika namba yao. Wengine Wasiotajwa Kwingineko. Mkuu wa kitengo uso ukamshuka, akaanza kusoma karatasi iliyokuwa tupu. Mkurugenzi, namshukuru popote alipo, alicheka, akasema mke wake amekuwa akimwambia hivyo hivyo kwa muda mrefu. Akawapa wiki moja warekebishe.

Kosa lenyewe lilikuwa la ajabu kwa mtu kama mimi, ingawa wao wanasema ni la kila siku. Kwenye mti, wifi alikuwa ameziandika namba kama maandishi. Siku ile akapakia jedwali jipya la majibu, na kompyuta ikalisoma kama hesabu. Kwako na kwangu 5141 ni 5141. Kwa Python, iliyoandikwa kama neno na iliyoandikwa kama hesabu ni vitu viwili visivyojuana kabisa, mithili ya mlinzi wa getini asiyekutambua ukisahau kitambulisho, hata kama jana mlikunywa chai pamoja. Kwa hiyo hakuna namba hata moja iliyompata mzazi wake, na badala ya kupiga kelele, programu ikautii ule mstari ilioambiwa. Ikawatupa wote kule, taratibu, kwa adabu.

Kulirekebisha lile kosa hakukumchukua muda. Kilichomchukua muda ni ule mstari. Aliniambia alikaa akiutazama. Kama uliweza kulimeza taifa zima bila mtu kusikia, ungeshindwa vipi kummeza mzee mmoja? Akaufuta. Mkuu wa kitengo akaja juu kuhusu wekundu, na wifi yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu mkubwa, akamwambia kila mstari mwekundu ni mtu, na afadhali programu ipige kelele hadi mtu huyo apatiwe mahali. Hapo nilimwachia kichwa kidogo. Nilijisikia fahari naye, na sikumficha, nikamwambia. Akasema nimalize kusuka.

Mayatima wakajitokeza mmoja mmoja, hawakuwa wengi. Kwa kila mmoja aliwapigia wasimamizi wa sensa wa mahali hapo kuuliza mtu huyo anafanya nini hasa kwa mikono yake, maana kanuni yao ni kwamba mtu hupangwa kwa anachofanya na si kwa kibao chake. Akabaki mmoja ambaye hakuwa na haja ya kumpigia simu.

Jumamosi asubuhi akaja chumbani kwa baba mkwe na laptopu yake. Mimi nilikuwepo tayari, nimepeleka draya yangu ya kukaushia nywele, ilikuwa inatoa harufu ya kuungua na mteja alikuwa ananisubiri nyuma na kichwa kimelowa. Wifi hakuketi mpaka alipopangusiwa kiti kama mteja.

"Baba, leo nimekuja kikazi," akasema. "Fundi wa taipureta hayupo tena kwenye orodha. Si mimi niliyemfuta, ila nimeona ulisikie kutoka kwangu."

Baba mkwe aliitazama ile taipureta nyeusi chini ya kitambaa chake.  Akanyoosha mkono kwenye msumari ambapo hutundika ufunguo, mwisho wa safu ya bisibisi, akautoa, akanifumbatisha kiganjani.

"Nilisema mwenyewe," akaniambia. "Mwambie mumeo asitoboe ukuta wa kushoto, umepita waya."

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka, ndicho nilichokipima kwa macho asubuhi na jioni, na sasa kilikuwa mkononi mwangu. Nilingoja furaha ije. Badala yake nikaona haya, nikatamani mtu anitume mahali.

"Sijamaliza, baba," wifi akasema. "Wiki iliyopita ulifanya kazi gani?"

"Sikufanya kazi. Nilikaa."

Vidole vyake vikabaki juu ya vitufe. Najua kanuni yao, alishanieleza: mwuliza maswali haruhusiwi kumlisha mtu jibu, hata kama mtu huyo ni baba yake na jibu liko wazi mbele ya macho.  Aliinua uso akanitazama mimi.

Nikaelewa ananiomba nini, na nikaelewa kwamba nikifungua mdomo, chumba kimekwenda. Angeweza kumtazama mtu yeyote mwingine. Lakini mimi ndiye ninayeshinda pale nyuma, ninayeona nani anapita na nini mkononi, na ofisi yao haijanizuia mimi kusema.

"Jumatatu ulikuwa na mizani ya mwenye bucha," nikasema. "Jumanne saa ya ukutani ya zahanati. Kisha mizani ya duka la dawa, ile ndogo, uliing'ang'ania hadi chakula kikapoa. Kisha cherehani ya mshonaji wa pale kona."

"Hizo si kazi," baba mkwe akajibu. "Huko ni kusaidia majirani."

"Wanakulipa, baba," nikamwambia.

"Wananipa tu."

"Basi ukifunga, hii nani atanitengenezea?" Nikaiweka draya mezani, mbele yake.

Alitaka kuendelea kubishana, na kweli alikuwa anabishana, lakini mkono ulishachukua bisibisi. Aliifungua draya huku akituambia kuwa mizani si kitu, mizani hata mtoto angeiweza, akanusa waya ulioungua, akakunja uso, akavuta lile kopo la springi bila kuangalia. Wifi alikuwa anaandika. Sauti ya vitufe ndiyo iliyomfanya mzee ainue kichwa.

"Umeandika nini?"

"7311. Mafundi wa vifaa vya usahihi. Mizani, saa, vitu vya namna hiyo."

"Juu yake?"

"731. Mafundi wa kazi za mikono."

"Na juu yake?"

"73. Kazi za mikono na uchapaji."

Bisibisi ikasimama. "Uchapaji wameuacha?"

"Wameuacha, baba. Uko ukoo mmoja na wewe."

"Na juu kabisa?"

"7. Mafundi."

Alikubali kwa kichwa, taratibu. Akasema hiyo inatosha. Kisha, macho yake yakiwa ndani ya draya yangu, akanyoosha mkono wa kushoto kwangu, kiganja wazi, vile fundi anavyonyoosha mkono msaidizi wake ampe skrubu. Nikauweka ufunguo pale. Akautundika tena msumarini, akaendelea na kazi. Draya yangu ilipona kabla mteja hajakauka mwenyewe.

Mume wangu aliponiuliza jioni ilikuwaje, nilimwambia amuulize dada yake. Bado nasukia barazani. Ila siku chache baadaye baba mkwe alikuja na futi yake, akapima upande unaotokea upepo, akanitengenezea ubao wa bawaba unaofunguka na kufungwa, unaokaza barabara. Jirani amenyamaza. Wifi alipouona alisema huo ni useremala, tarakimu nyingine kabisa, na hauwezi kuhesabiwa. Nikamwambia asithubutu kuugusa mti.

Kibao cha mlangoni kimepakwa rangi upya. FUNDI WA TAIPURETA kimeandikwa kama zamani, mzee hakukubali kukitoa, na chini yake 7311 kwa tarakimu za kupendeza. Wapita njia wanadhani ni namba ya simu iliyokosa tarakimu, na kuna mmoja aliingia kumlaumu kwamba haipatikani. Sisi wote nyumbani sasa tuna namba. Akihitaji chai anaita 5141, nami naitika.

Juzi mwenye bucha alileta tena mizani, akamkuta wifi amekaa chumbani kwa baba yake na laptopu magotini. Akauliza kama huyu ndiye yule binti wa kwenye kompyuta, kwa sababu ana simu yake ilianguka kwenye ndoo. Baba mkwe akamwambia airudishe mfukoni.

"Huyu ni 2514, mtunzi wa programu," akasema. "Kazi yangu ilikuwa yatima. Mwanangu huyu akaitafutia mzazi."

Mwenye bucha hakuelewa hata neno moja. Wifi aliinamia laptopu yake na kubonyeza vitufe kwa muda mrefu, nami niliyekuwa nimesimama nyuma yake niliona kwamba ilikuwa haijawashwa.